Nani anamfukuza mtu kwenye mtandao usio na mwenyewe? Kisa cha Gab na Mastodon, 2019

Tarehe 4 Julai 2019, Gab, mtandao wa kijamii wa Marekani uliojulikana kama kimbilio la watu wenye siasa kali za kibaguzi, iliacha mfumo wake wa zamani na kuanza kutumia Mastodon, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuendeshea mtandao wa kijamii. Haikuinunua Mastodon wala haikuomba ruhusa kwa yeyote. Ilichukua programu hiyo, ikabadilisha jina na mwonekano, ikaiwasha kwenye seva zake, yaani kompyuta zinazohudumia watumiaji wake mtandaoni. Gab wakati huo ilidai kuwa na zaidi ya watu 1,000,000 waliojiandikisha. Kwa siku moja ikawa jirani wa maelfu ya seva ndogondogo zilizokuwa zikitumia programu ileile, nyingi zikiwa zimeanzishwa na watu waliochoshwa na matusi na chuki za mitandao mikubwa.

Kwa mgeni anayejiuliza mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani isiyo na mmiliki mmoja, inaendeshwaje, na nani anaamua kipi kibaki na kipi kiondoke, mimi humwelekeza kwenye kisa hiki kabla ya kumweleza jambo lingine lolote. Hapakuwa na mtu hata mmoja duniani mwenye uwezo wa kuizuia Gab isiingie. Hata mtu aliyeiandika Mastodon hakuwa nao. Pamoja na hayo, Gab ilijikuta imetengwa karibu kila upande, na mwaka uliofuata ikaondoka yenyewe. Ilitengwaje pasipo kuwepo wa kuitenga? Hilo ndilo la kuchambua.

Gab ilikotoka

Gab ilianzishwa mwaka 2016 na Andrew Torba, ikijinadi kuwa mahali ambapo mtu anasema atakacho. Waliofukuzwa Twitter walihamia huko, na wabaguzi wa rangi na wenye chuki dhidi ya Wayahudi walipata makao. Apple ilikataa kuiweka apu ya Gab kwenye duka lake tangu mwanzo, na Google ikaiondoa kwenye Play Store mwezi Agosti 2017.

Kisha ikaja tarehe 27 Oktoba 2018. Mtu mwenye bunduki aliingia kwenye sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh akaua watu 11. Muda mfupi kabla ya kufanya hivyo alikuwa ameandika kwenye akaunti yake ya Gab. Kampuni zilizokuwa zikiihudumia Gab zikaitema moja baada ya nyingine: Joyent iliyokuwa ikiihifadhi, GoDaddy iliyoiandikishia anwani, PayPal na Stripe zilizokuwa zikiipitishia malipo. Gab ikawa haipatikani kwa takriban wiki moja, hadi tarehe 4 Novemba ilipopokelewa na kampuni ya kuandikisha anwani iitwayo Epik.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanaonyesha namna ya kwanza ya udhibiti, ile tuliyoizoea. Kampuni chache zinashika njia, na zikifunga, umefungiwa. Gab ilijifunza kutokana na hilo. Shida yake kubwa ilikuwa simu, maana watu wengi wanaingia mitandaoni kwa simu na apu yake haikuwa kwenye duka lolote kubwa. Mastodon ilikuwa na apu nyingi zilizoandikwa na watu mbalimbali, na kila moja ingeweza kuingia kwenye seva yoyote ya Mastodon. Ulichohitaji ni kuandika anwani ya seva yako tu. Gab ikiwa seva ya Mastodon, basi apu zote hizo zinakuwa apu za Gab, na Apple wala Google hawajaulizwa. Na hakukuwa na siri yoyote: Gab yenyewe ilitangaza kwamba hiyo ni moja ya faida za kuhama.

Mtandao wenyewe unavyofanya kazi

Mastodon iliandikwa na Eugen Rochko, mtengenezaji programu wa Ujerumani, na ikatoka mwaka 2016. Ukiitazama juujuu inafanana na Twitter. Unaandika chapisho fupi, unafuata watu, unajibu, unasambaza. Ila hakuna mahali pamoja panapoitwa Mastodon. Kuna seva, na kila seva ina mwenyewe: chuo, chama cha wapenda reli, kundi la marafiki, mtu mmoja na kompyuta yake ya kukodi. Unajiandikisha kwenye seva moja, na anwani yako inabeba majina mawili, lako na la seva, kama barua pepe inavyokuwa na jina lako na la mtoa huduma. Na kama ilivyo kwa barua pepe, aliye kwenye seva moja anawasiliana na aliye kwenye nyingine bila kujiandikisha upya.

Seva hizi zinaelewana kwa sababu zinafuata itifaki moja, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha rasmi Januari 2018, ingawa Mastodon ilikuwa imeshaanza kuitumia miezi michache kabla. Programu nyingine pia zinaitumia, kama Pixelfed ya picha na PeerTube ya video. Mkusanyiko wa seva zote hizo zinazozungumza ndio watu wanauita Fediverse.

Tufuatilie ujumbe mmoja, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Tuseme Asha yuko seva ya kwanza na anafuatwa na watu walio kwenye seva 40 tofauti. Anapobonyeza kutuma, chapisho linahifadhiwa kwenye seva yake. Seva yake inaangalia orodha ya wafuasi wake, kisha inatuma nakala kwenye kikasha cha kila moja ya zile seva 40. Nakala inakwenda na sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba kweli imetoka kwa Asha. Seva inayopokea inaitazama. Sahihi ni halali? Seva inayotuma iko kwenye orodha ya zilizofungiwa? Kama haiko, nakala inahifadhiwa na kuonyeshwa kwa wafuasi wa Asha walioko pale. Kama iko, inatupwa hapohapo. Asha hapewi taarifa, na wafuasi wake wa upande ule hawajui kwamba kulikuwa na chapisho.

Kwa hiyo kila unachokisoma kutoka seva nyingine ni nakala iliyokubaliwa na seva yako. Hata kufuta ni ujumbe: Asha akifuta chapisho lake, seva yake inazitumia zile 40 ombi la kufuta nakala zao. Seva zenye nia njema zinatii. Seva yenye nia mbaya inaweza kubaki na nakala, na hakuna wa kuilazimisha. Mgeni ayajue haya kabla hajaandika neno la kwanza.

Kwa nini mwenye programu hakuweza kukataa

Mastodon ni programu huria, na leseni yake ni AGPLv3. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuichukua, kuitumia kwa lengo lolote na kuibadilisha, kwa sharti kwamba akiwahudumia watu kwa programu aliyoibadilisha, awape msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, pamoja na mabadiliko yake. Hakuna kifungu kinachosema "isipokuwa wabaguzi". Tarehe ileile Gab ilipohamia, mradi wa Mastodon ulitoa tamko ukisema unapinga kabisa mradi wa Gab na falsafa yake, ukiituhumu kutafuta fedha kwa kuwapa wabaguzi jukwaa huku ikijificha nyuma ya uhuru wa kusema. Lakini tamko lenyewe lilikiri kwamba leseni inaruhusu.

Wapo waliomlaumu Rochko kwa kutoweka katazo kwenye leseni. Sikubaliani nao. Leseni inayochagua watu ingewapa mahakama na mawakili kazi ya kuamua nani mbaguzi, na Gab isingekosa wakili. Kile leseni ilichofanya kweli ni kuweka wazi wajibu wa kutoa msimbo, na wajibu huo umekuwa na meno. Mwaka 2021 mtandao wa Donald Trump, Truth Social, ulionekana ukitumia Mastodon bila kusema. Mwezi Oktoba Mastodon iliudai kwa barua rasmi utoe msimbo wake, na mwezi uliofuata ukautoa. Leseni ililinda msimbo. Kulinda watu ni kazi nyingine, na haikuwa ya leseni.

Kuta zilivyojengwa

Habari za ujio wa Gab zilikuwa zimeenea wiki kadhaa kabla ya Julai. Wasimamizi wa seva walikuwa wakijadiliana hadharani, kila mmoja kwa watu wake: tuifungie kabla haijafika, au tungoje tuone? Wengi hawakungoja. Siku Gab ilipowasha seva yake, seva nyingi zilikuwa zimeshaandika anwani yake kwenye orodha ya kufungiwa.

Inafaa kuona kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu inaonekana ndogo kuliko uzito wake. Msimamizi anafungua ukurasa wa usimamizi, anaandika anwani ya seva anayotaka kuichukulia hatua, kisha anachagua kiwango. Kiwango chepesi ni kuiwekea mipaka: machapisho yake hayaonekani kwenye mikondo ya wazi, lakini mtu wa seva yako aliyeamua kumfuata mtu wa kule anaendelea kumwona. Kiwango kizito ni kukata uhusiano kabisa. Hakuna kinachoingia, hakuna kinachotumwa, na ufuasi wote kati ya watu wa seva hizi mbili unavunjika papo hapo. Kuna pia visanduku vya kuweka alama: kataa picha na video zao, kataa malalamiko yanayotoka kwao. Mwisho kuna nafasi mbili za maelezo, moja ya siri kwa wasimamizi wenzake na nyingine itakayosomwa na umma. Anabonyeza kitufe, basi.

Ule ufuasi ukishavunjika haurudi wenyewe hata msimamizi akibadili mawazo. Kila mtu anaanza upya kuomba kufuata. Tena kwa miaka mingi mtumiaji wa kawaida hakuambiwa kwamba amepoteza wafuasi 12 kwa uamuzi wa msimamizi wake. Mastodon ilianza kumjulisha mwaka 2024 katika toleo la 4.3. Hiyo ilikuwa kasoro kubwa, na ilichelewa mno kurekebishwa.

Kuhusu Gab, wengi walichagua kiwango kizito. Hakuna kamati iliyokaa, wala agizo lililotoka Ujerumani. Mamia ya watu, kila mmoja akiwa na mamlaka juu ya seva yake tu, walifanya uamuzi unaofanana. Gab ilibaki na uhuru wake wote wa kusema. Kilichokosekana ni wa kuipokea.

Tabaka la pili lilikuwa apu, zile ambazo Gab ilikuwa ikizitegemea. Watengenezaji wa Tusky ya Android na wa Toot! ya iPhone walibadilisha apu zao zikatae kuingia kwenye anwani ya Gab. Hapa pakazuka ubishi mkali ambao haujaisha hadi leo. Upande mmoja ulisema apu ni chombo tu, na kazi ya kuchagua seva ni ya mtumiaji. Mtengenezaji akianza na Gab, kesho atafungia nini? Upande wa pili ulisema aliyeandika apu kwa mikono yake, bure, halazimiki kuitoa itumike kama mlango wa nyuma wa watu wanaotaka wenzake wafe. Mimi niko na upande wa pili, kwa sababu moja mahususi: msimbo wa Tusky ulikuwa wazi. Aliyetaka Tusky isiyofungia Gab aliweza kuichukua na kuitengeneza mwenyewe. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Ghala la F-Droid, ambalo husambaza apu huria za Android, nalo lilitoa tamko mwezi huohuo wa Julai: halitavumilia ukandamizaji wala usumbufu dhidi ya makundi yanayoonewa, na halitasambaza apu inayoitangaza Gab kwa jina, kwa nembo au kwa kuiweka kama seva ya kuanzia.

Tabaka la tatu lilikuwa limeandaliwa kabla. Mwezi Mei 2019 Mastodon ilitangaza mkataba kwa seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye ukurasa wake rasmi wa kukaribisha wageni. Seva isimamie kwa vitendo kupinga ubaguzi wa rangi, wa kijinsia na dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Ihifadhi nakala rudufu kila siku. Iwe na mtu wa pili angalau mwenye funguo za dharura. Na ikitaka kufunga iwape watumiaji taarifa ya miezi 3. Seva isiyokubali haizuiwi kuwepo, ila mgeni hataelekezwa kwake. Gab haikuwa na nafasi kwenye orodha hiyo.

Tundu lililobaki

Kukata uhusiano kulikuwa na udhaifu ambao kisa cha Gab kiliuweka hadharani. Seva uliyoifungia haiwezi kukutumia kitu, lakini chapisho la wazi ni la wazi. Ingeweza kuja kulichukua kimyakimya kama kivinjari chochote kinavyofungua ukurasa, kisha kuwaonyesha watu wake. Aliyenyanyaswa akakimbilia seva nyingine angejikuta bado anasomwa na walewale.

Mwaka huohuo wa 2019 Mastodon iliongeza chaguo la msimamizi kudai kwamba kila seva inayokuja kuchukua chapisho ijitambulishe kwanza kwa sahihi yake. Isiyojitambulisha, au iliyofungiwa, inarudishwa. Chaguo hilo halikuwashwa kwa wote. Linaongeza mzigo kwenye seva, na wakati ule programu nyingine za Fediverse hazikuwa zote zinalielewa. Msimamizi mmoja aliwasha, jirani yake hakuwasha. Mgeni anayehofia usalama wake na aliulize hili moja kwa moja kabla ya kujiunga.

Mwaka 2020 Gab iliondoa uwezo wa kuwasiliana na seva nyingine. Ikabaki kisiwa, ikiendelea kutumia msimbo uliotokana na Mastodon bila kuwa sehemu ya Fediverse. Februari 2021 ilidukuliwa, na takriban gigabaiti 70 za data zake, zikiwemo jumbe binafsi, zikafika mikononi mwa DDoSecrets, kundi linalochapisha data zilizovuja. Udukuzi ule ni kisa kingine, lakini unakumbusha jambo linalohusu kila seva: jumbe binafsi za Mastodon nazo hazijafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Mwenye seva akitaka kuzisoma anaweza, na akidukuliwa zinatoka.

Na maduka makubwa ya apu? Mwishoni mwa Agosti 2020 Google iliwatumia onyo watengenezaji wa apu kadhaa za Fediverse kwamba zingeondolewa kwenye Play Store kwa kuwezesha watu kufikia maudhui ya chuki. Apu hizo hazikuwa na maudhui yoyote ndani yake. Zilikuwa zinafungua seva tu, kama kivinjari. Kwa hiyo ugatuzi ulikuwa kwenye seva, huku mlango wa simu ukiendelea kushikwa na kampuni mbili, na ndivyo ulivyo hadi sasa.

Ambacho ushindi huu unaficha

Kisa cha Gab husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba ugatuzi unafanya kazi. Unafanya, pale adui anapokuwa mkubwa, mwenye jina, anayetangaza siku ya kuja na kukaa kwenye anwani moja. Chuki ya kila siku haiji hivyo. Inakuja kwa akaunti mpya kwenye seva yenye heshima zake, kwa neno la kejeli chini ya chapisho la mtu mweusi, kwa seva 10 za kihuni zilizofunguliwa wiki hii na kutelekezwa wiki ijayo.

Mwaka huohuo Gab ilipojitoa, 2020, seva iitwayo PlayVicious, iliyoendeshwa na watu weusi na kupendwa na wengi, ilifungwa baada ya watu wake kusakamwa kwa muda mrefu. Mtandao uleule uliosimama kama mtu mmoja dhidi ya Gab haukuweza kuwalinda. Kila nikisikia Fediverse ikisifiwa kwa kuishinda Gab natamani PlayVicious itajwe katika sentensi ileile. Kufungia seva kunakuja baada ya mtu kuumia na kuripoti, na anayeumia mara nyingi ndiye anayebeba pia kazi ya kueleza kwa nini ameumia, kwa msimamizi ambaye hajawahi kuumizwa hivyo.

Halafu kuna suala la nani anafanya kazi yenyewe. Kwenye mitandao mikubwa inafanywa na walioajiriwa, na sisi wa Afrika Mashariki tunajua wako wapi. Kwa miaka kadhaa machapisho ya Facebook ya kanda yetu, ya Kiswahili yakiwemo, yalipitiwa na vijana jijini Nairobi chini ya kampuni ya Sama, wakitazama mauaji na ukatili siku nzima. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alizishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, na Sama katika mahakama ya Kenya kwa mazingira ya kazi, na mwaka uliofuata Sama ikaachana na kazi hiyo. Fediverse haina Sama. Kazi ileile inafanywa na wanaojitolea, usiku baada ya ajira zao, bila mshahara na bila mshauri nasaha. Shirika la IFTAS lilianzishwa kuwasaidia wasimamizi hawa, na mapema mwaka 2025 likatangaza kusimamisha huduma zake nyingi kwa kukosa fedha. Yeyote anayefurahia seva isiyo na matangazo na ajiulize anamchangia nani.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna ugumu wa ziada. Ukiripoti chapisho kwenye Mastodon, ripoti inakwenda kwa msimamizi wa seva yako, na ukipenda unaweza kuruhusu nakala iende kwa msimamizi wa seva ya aliyekukosea. Kama wote wawili wako Ulaya na hawajui Kiswahili, wataelewaje? Matusi ya wazi programu ya kutafsiri itayakamata. Mafumbo ya wakati wa uchaguzi, yale ambayo NCIC, tume ya utangamano wa kitaifa ya Kenya, iliyaorodhesha mwaka 2022 kuwa ya uchochezi, yatapita kama maneno ya kawaida. Ukiripoti, andika maelezo kwa lugha anayoielewa msimamizi, eleza neno linatumikaje na limewahi kuleta nini. Ni usumbufu, lakini tofauti na mitandao mikubwa, maelezo yako yatasomwa na mtu mwenye jina ambaye unaweza kumwandikia tena.

Suluhisho la kweli ni seva zinazoendeshwa na wanaojua lugha, na hapo mwanzilishi ajue anachokibeba. Anayeshika seva anashika data za watu, na dola inamjua kwa jina. Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala la Tanzania, alikamatwa Desemba 2016 katika mvutano wa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliweka leseni na ada. Kwa upande mwingine, ugatuzi una faida ambayo Uganda iliionyesha kwa kinyume: Januari 2021 Facebook ilipoondoa akaunti zilizohusishwa na serikali kuelekea uchaguzi, serikali iliifungia Facebook nzima nchini. Amri moja ilitosha kwa kuwa kampuni ni moja. Seva elfu zenye anwani elfu haziguswi kwa amri moja, ingawa yoyote kati yake, ikijulikana, inaweza kufungiwa peke yake.

Jirani mwingine mkubwa

Mwaka 2023 maswali ya Gab yalirudi kwa sura tofauti kabisa. Meta ilizindua Threads, mtandao wake wa machapisho mafupi, mwezi Julai na kutangaza kwamba itatumia ActivityPub. Mamia ya wasimamizi walitia saini ahadi ya kuifungia kabla haijaunganishwa. Wengine, ikiwemo mastodon.social, seva inayoendeshwa na mradi wa Mastodon wenyewe, walisema wataipokea. Machi 2024 Threads ilipoanza kuwaruhusu watumiaji wa Marekani, Kanada na Japani kusambaza machapisho yao kwenye Fediverse, baadhi ya seva ziliyapokea na nyingine zikayatupa mlangoni.

Safari hii hapakuwa na kauli moja, na sioni ubaya. Gab ilikuwa na watu wanaotaka wengine wasiwepo. Threads ina mamilioni ya watu wa kawaida na kampuni moja ambayo wengi hawaiamini, na watu wenye akili timamu wanatofautiana kuhusu lipi lina uzito zaidi. Matokeo kwa mgeni ni ya vitendo: seva unayoichagua ndiyo inayoamua kama utaweza kumfuata dada yako aliyeko Threads.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, fungua ukurasa wa "Kuhusu" wa seva hiyo bila hata kuwa na akaunti. Utakuta kanuni zake, jina la msimamizi na, kwenye seva nyingi, orodha ya seva ilizozifungia na sababu kwa kila moja. Soma sababu hizo kuliko kanuni. Kanuni zinafanana, sababu ndizo zinazoonyesha msimamizi anafikirije. Tazama kama Threads imo. Kama seva fulani inakuumiza na msimamizi wako hajaifungia, unaweza kuifungia mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako, yote kwa mara moja. Na msimamizi akikushinda, hamia seva nyingine: wafuasi wako watahamishwa pamoja nawe, ila machapisho ya zamani yatabaki kwenye seva uliyotoka.